Nilivyosafiri na Matairi Niliyoyafunga Mwenyewe

Rajabu, na nyinyi wenzangu wote wa karakana, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake kilichotokea njiani kwenda Bagamoyo, na kila mmoja nimempa kipande. Juzi kipande kimoja kimenirudia kikiwa kimeota mkia, ati niliziba pancha gari likiwa linakwenda. Sikuziba pancha gari likiwa linakwenda. Hakuna mtu anayeweza. Kwa hiyo nimechukua daftari, nimekaa, nayaandika yote kwa mpangilio wake, mazuri yangu na mabovu yangu. Elimu yangu mnaijua, darasa la saba la kule kwenye mashamba ya mkonge. Mkiona neno limekaa vibaya, lisogezeni wenyewe.

Karakanani Makorora, siku moja kabla

Mzee Seif mnamjua kwa sura. Ni yule mzee wa Kiarabu wa Raskazone hapa Tanga, mrefu, kanzu haina kunyanzi, aliyekuwa mtunza ghala bandarini mpaka akastaafu. Alikuja na gari lake la Kijapani na rimu nne mpya pamoja na matairi yake, kwa sababu za zamani mbili zilikuwa zimepinda.

Ndani ya kila gurudumu la zamani kulikuwa na sensa. Kwa wale ambao hamjaiona, ni kidude kidogo, hakifiki ukubwa wa kiberiti, kinakaa ndani ya tairi kwenye shina la valvu. Kinapima upepo na kupeleka habari kwenye dashibodi bila waya, kama simu. Gari linaijua kila sensa na mahali pake: hii ya mbele kulia, hii ya nyuma kushoto. Tairi likipungua upepo, taa inawaka.

"Kijana," Mzee akaniambia, na mimi nina miaka arobaini na miwili, "sensa zangu ziende kwenye rimu mpya, kila moja mahali pake. Kazi hii umeshaifanya?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa kweli, lakini kweli nyembamba. Niliwahi kuifanya mara moja tu, nikimshikia mwenzangu tochi.

Basi nikautandaza mkeka wetu chini ya turubai. Mnaujua, ule mwembamba wenye ncha moja nyekundu, ambao nyinyi mnauswalia na sote tunaulia wali. Pua ya gari ilitazama barabarani, kwa hiyo nikaufanya mkeka kuwa gari. Ncha nyekundu niliielekeza barabarani, nikasema moyoni, upande wa barabarani ndio mbele. Kila sensa niliyoitoa nikailaza kwenye pembe yake. Sikuandika kitu, sikutia alama yoyote. Niliona mkeka unatosha.

Adhuhuri ikaingia. Rajabu ulikwenda msikitini na wenzako, mimi nikawa ndani kwenye mashine ya kuvulia matairi. Mzee hakwenda nanyi, goti lake halipendi ngazi, akaswali pale pale kwetu. Nilipotoka, sensa nne zilikuwa mkekani, Mzee yuko kitini na tasbihi yake. Nikazifunga moja moja, nikajaza upepo thelathini na tano kila tairi, nikapima kwa geji mara mbili. Gari likaondoka, taa haikuwaka. Nililala na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani ambao hakuusomea.

Raskazone

Asubuhi saa moja na nusu simu ikalia.

"Taa imewaka," Mzee akasema. Hakusalimu.

Nilifika Raskazone na bodaboda, begi langu mgongoni. Kwenye dashibodi kulikuwa na picha ya gari limetazamwa kutoka juu, na tairi moja limewaka rangi ya chungwa, la mbele kulia, namba kando yake ishirini na saba, na matairi mengine hayana namba. Maandishi mengine yote Kijapani. Nikapiga goti, nikachomeka geji kwenye tairi la mbele kulia. Thelathini na tano. Nikatoa, nikachomeka tena. Thelathini na tano.

"Geji yako imezeeka," Mzee akasema.

"Labda, Mzee."

Mngekuwepo mngenicheka, kwa sababu ningeweza kuyapima yote manne palepale. Sikuyapima. Taa ilisema mbele kulia, na mimi niliiamini taa kuliko mkono wangu, maana taa imesoma.

Nikampigia Rajabu. Rajabu, naandika ulichosema: "Yakhe, bandika plasta juu ya hiyo taa mzee asafiri zake." Sikubandika. Sisemi hivyo ili nionekane bora kuliko wewe, nilitamani sana kuibandika.

Mzee asingeweza kuahirisha. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Bagamoyo siku ile ile baada ya Alasiri. Baba wa binti ameshafariki, kwa hiyo babu ndiye walii, ndoa haifungwi bila yeye. Akanitazama, akaitazama taa.

"Umeyafunga wewe?"

"Nimeyafunga mimi."

"Basi utasafiri nayo. Ingia. Na nikirudi Tanga nitasema neno moja tu barazani kwangu. Ama huyu ni fundi, ama huyu si fundi. Neno moja."

Sikuomba hata kurudi kuchukua shati jingine. Mnajua baraza la Raskazone. Nusu ya magari yanayokuja kwetu yanatoka kwa watu wanaokaa pale jioni. Na zaidi ya hayo, kwetu hakuna mtu aliyewahi kuitwa fundi. Baba yangu alikata mkonge mpaka mwisho.

Kiti cha nyuma kushoto, nyuma yangu, alikaa dada yake Mzee, Bi Shamsa, vikapu vya chakula vimejaa kulia kwake. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye dawa ya taa?"

"Natumaini, Bi mkubwa."

"Sisi wote tunatumaini. Shika hiki kikapu, mna mayai."

Mpaka Muheza

Mzee anaendesha kama anavyotembea, wima na polepole. Pongwe ikapita, baiskeli zikatupita. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile rangi ya chungwa. Ilikuwa ishirini na saba, ikawa ishirini na sita.

Muheza tukasimama kwa sababu mbili: mimi nipime, Bi Shamsa anunue machungwa ya kuwapelekea wakwe. Muuzaji alikuwa mama mmoja wa Kibondei, ameyapanga machungwa kama piramidi. Mzee akachomoa chungwa moja la katikati, akalibonyeza, hakulipenda, na akalirudisha. Naliandika hili kwa sababu lina maana baadaye. Hakulitupa juu tu. Aliligeuza mpaka likaingia katika shimo lile lile lililotoka, kikonyo kikitazama kule kule kilikotazama.

"Mzee umezoea kazi," mama akacheka.

"Miaka thelathini na moja ghalani. Kitu cha mtu ukikiondoa, kirudishe pale pale."

Mimi nilipima mbele kulia, thelathini na tano. Nikapima mbele kushoto, thelathini na tano. Yule mama akainuka na bakuli lake, akatutazama, akasema kwa sauti, "Baba, mbona unahangaika huko mbele? La nyuma hili ndilo limekaa kama kuku aliyeatamia."

Akaonyesha kwa kidole tairi la nyuma kushoto.

Dirisha la nyuma kushoto likashuka taratibu. Bi Shamsa akatoa kichwa.

"Nani ameatamia?"

Sasa hapa nataka niwe mkweli kuliko mahali pengine pote. Bi Shamsa ni mwanamke mwenye mwili, mwili wa heshima. Tairi lililokuwa chini yake limeambiwa limelala. Kama ningeinama pale na geji yangu, ingekuwa kama nampima yeye.

"Si kitu, Bi mkubwa," nikasema. "Ni mzigo tu."

"Mzigo!" Akamgeukia kaka yake. "Seif, umesikia? Mimi nimekuwa mzigo!"

"Nilimaanisha vikapu, Bi mkubwa, vikapu..."

"Vikapu viko kulia!"

Vilikuwa kulia kweli. Nikaingia ndani ya gari bila kulipima tairi la nyuma. Yule mama aliona sawasawa kwa jicho tupu, na mimi mwenye geji mkononi nikalikimbia jibu kwa aibu.

Mpaka Segera

Bi Shamsa alininunia mpaka tukapita Hale. Alimenya chungwa, akampa kaka yake nusu, nusu akala mwenyewe. Mimi nilipata harufu.

Segera tulisimama pembeni, karibu na wachoma mahindi. Namba ilikuwa ishirini na nne. Mzee alikuwa na pampu ndogo ya umeme ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara.

"Taa inataka upepo," akasema. "Ipe."

"Mzee, tairi limejaa."

"Ipe, nione."

Nikalijaza tairi la mbele kulia mpaka arobaini na mbili. Tukasogea mbele kidogo, tukarudi nyuma, tukangoja. Ile namba kwenye picha haikutikisika. Ishirini na nne. Nikapunguza upepo ukarudi thelathini na tano, namba bado ishirini na nne. Mchoma mahindi mmoja akaja kutazama, akasema labda gari limerogwa, akaondoka na jibu lake.

Mzee alizima injini. Akaondoa miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena.

"Kijana. Tairi lina upepo, sensa inasema halina. Basi sensa hii inadanganya. Sensa zangu zilikuwa hazidanganyi." Akashika usukani. "Nimesikia yapo makarakana, mtu anapeleka kifaa kizima anarudishiwa kibovu. Sensa yangu iko wapi?"

Nilichofikiri ni cha kipumbavu: labda kweli. Labda nilidondosha moja, nikaokota nyingine ya zamani kwenye kopo. Nilianza kujishitaki kwa niaba yake. Nilikumbuka kila kidude katika kopo letu, kimoja kimoja, na hakukuwa na sensa nyingine Makorora nzima, lakini bado nilijishitaki.

Kutoka nyuma Bi Shamsa akasema, "Haya. Kwanza mimi mnene, sasa huyu mwizi. Gari hili leo halina mtu mzuri."

"Shamsa, sijasema mwizi."

"Umeuliza iko wapi. Kumuuliza mtu iko wapi ni kumwita mwizi vile vile."

Kisha akanigusa begani na nusu ya chungwa. Nikalila lote.

Nataka mjue kwamba sikumchukia Mzee. Alikuwa na ushahidi wa macho, na mimi sikuwa na kitu ila neno langu, na hilo neno langu siku iliyotangulia lilikuwa jembamba.

Mkata

Baada ya Kabuku kundi la ng'ombe lilikatiza njia, mwenyewe amejitanda shuka nyekundu, hana haraka na mtu. Robo saa ikaenda. Tulifika Mkata Adhuhuri imeingia. Namba ishirini na moja.

Mzee alisema ataswali kwanza swala ya safari, tule haraka, twende. Akaenda kutafuta maji ya udhu. Bi Shamsa akatandaza mkeka wake kwenye kivuli cha kibanda kilichofungwa, mkeka mzuri wa Pemba, nao una ncha yake ya mapambo upande mmoja. Akapanga chakula kama anavyopanga watu. Pembe yangu aliweka achari ya embe na kikombe cha chai ya sukari, akisema, "Wewe kula moto, huenda ukachangamka." Pembe yake aliweka chai yake kavu, isiyo na sukari, kwa kuwa ana kisukari. Kati akaweka mikate ya boflo, katlesi na samaki wa kukaanga.

Nikaenda kunawa. Nilikawia, kwa sababu nilisimama nyuma ya kibanda nikajiambia maneno ambayo siyaandiki. Niliporudi Mzee alikuwa ameshamaliza swala, amekaa, chakula kiko mkekani. Bi Shamsa alikuwa akizungumza na simu kuhusu maua. Akanyoosha mkono bila kutazama, akanywa kikombe kilichokuwa mbele yake, akakitema.

"Astaghfirullah! Sukari! Seif, mnataka niingie harusini kwa machela?"

Nikatazama mbele yangu. Kikombe cha chai kavu. Achari ya embe ilikuwa upande wa pili kabisa, mbele ya Bi Shamsa.

"Nani amegeuza vitu vyangu?" Bi Shamsa akauliza.

"Hakuna kilichogeuzwa," Mzee akasema, ameudhika kidogo. "Mkeka ulikuwa umetazama kusini. Nimeondoa vyombo, nimegeuza mkeka, ncha ikatazama kibla, nimeswali, nimerudisha kila chombo kwenye pembe yake ile ile. Achari ilikuwa pembeni mwa ncha, iko pembeni mwa ncha."

"Vyombo umerudisha, sisi tuliokaa je? Umetugeuza na sisi?"

Katlesi ilikuwa mdomoni mwangu. Sikuitafuna.

Niliona mkeka wetu wa Makorora. Nikaiona ncha nyekundu niliyoielekeza barabarani, na barabara yetu iko kusini, na kibla kiko kaskazini. Nikamwona Mzee peke yake chini ya turubai, anaondoa sensa nne kwa vidole viwili, anageuza mkeka, anaswali, anarudisha kila moja kwenye pembe yake, kwa uaminifu wa miaka thelathini na moja. Na mimi natoka ndani, naangalia upande wa barabarani, nasema hapa ndio mbele.

Ya mbele kulia imekwenda nyuma kushoto.

Nilikimbia. Nilipiga goti kwenye tairi la nyuma kushoto, nikachomeka geji. Ishirini na moja. Namba ile ile ya kwenye picha.

"Bado unanipima?" Bi Shamsa akauliza.

"Bi mkubwa, nisamehe! Si wewe!"

Nikamwomba Mzee alisogeze gari hatua moja, nikapaka maji ya sabuni kwenye tairi. Likatoa povu dogo, kama mtoto anayetema maziwa. Msumari mfupi wa bati, umezama mpaka kichwa. Wapi tuliuokota sijui, na sitamsingizia mtu. Nikafungua begi, nikauchomoa, nikasokota kamba ya mpira kwenye tundu, nikakata, nikapaka sabuni tena. Hakuna povu. Nikajaza mpaka thelathini na tano.

Mzee alisimama kando muda wote. "Eleza," akasema.

Hapo palikuwa pagumu kuliko msumari. Ili nijisafishe ilinibidi nimwambie mzee wa watu kwamba swala yake ndiyo iliyoharibu kazi yangu. Nikatafuta njia. Nikasema, "Mzee, kosa ni langu. Sensa sikuzitia alama. Nilizilaza mkekani nikategemea mkeka, na mkeka ni wa watu, unageuzwa."

Alikuwa na akili ya ghala, hakuhitaji zaidi. Nilimwona anaurudia ule mchana kichwani, hatua kwa hatua.

Bi Shamsa alikuwa ameshafika. "Seif! Kumbe ndiwe!"

"Ngoja, Shamsa." Akanigeukia. "Hayo ni maneno. Thibitisha."

Nilimpenda kwa neno lile, ndugu zangu. Mtu anayetaka uthibitisho anakupa nafasi.

Nikasema, "Mzee, nikipunguza upepo tairi la mbele kushoto, taa itaonyesha nyuma kulia. Isipoonyesha, nishushe hapa hapa Mkata."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema nishushe, na nauli sikuwa nayo. Nikalipunguza la mbele kushoto mpaka ishirini na nne. Mzee akaingia, akaendesha taratibu mpaka mwisho wa vibanda, akageuza. Nikamwona anarudi, uso wake kwenye kioo hausomeki. Akasimama, akafungua mlango, akanionyesha kwa mkono kama anayemkaribisha mgeni.

Ile rangi ya mwanzo ilikuwa imezimika. Nyuma kulia ilikuwa imewaka. Ishirini na nne.

"Zote nne," akasema polepole. "Hakuna iliyopotea."

"Zote nne, Mzee."

Alikaa kitini, miguu nje. Kisha akasema, mbele ya dada yake, akinitaja jina kwa mara ya kwanza, "Nimekudhania vibaya, Linusi. Niwie radhi."

Tangu nizaliwe, mtu wa umri ule hakuwahi kuniomba radhi. Nilisema yamekwisha, nikaenda kujaza upepo ili nipate sababu ya kuinama.

Wami, Msata, Bagamoyo

Kutoka Mkata taa haikuwaka tena, na sikujua kwamba kuitazama taa isiyowaka nayo ni kazi. Wami tulikuta malori yamepanga foleni, nusu saa. Bi Shamsa alinipa samaki wa pili, akasema, "Kula. Sasa mzigo ni wewe." Mzee akacheka mpaka akapiga honi bila kukusudia, na dereva wa lori la mbele akatoa mkono kutuuliza tuna nini.

Msata tukakata kushoto. Mzee alianza kunieleza jinsi ghala lao lilivyopangwa, nami nikamweleza tofauti ya tairi linalolika katikati na linalolika pembeni. Aliuliza maswali. Mengine sikuyajua, nikamwambia siyajui, akatikisa kichwa kama amependa.

Bagamoyo tulifika watu wameshatoka kuswali Alasiri, wamesimama mlangoni mwa msikiti wanatazama njia. Mzee alishuka akaingia moja kwa moja. Mimi nilibaki nje na gari, nikapima matairi yote manne. Nyuma kushoto, thelathini na tano kamili. Nikasikia kwa kipaza sauti sauti ya Mzee, ile ile kavu iliyoniuliza sensa iko wapi, ikimwoza mjukuu wake, na mara hii ilikatika katikati kidogo. Nikasema moyoni, sauti ile imefika hapa kwa magurudumu yangu. Ni majivuno, najua. Yaacheni yakae hapa, ndipo yalipozaliwa.

Wakati wa biriani nilisimama uani na vijana wa jikoni. Akaja mtu kuniita. Mzee alikuwa amekaa kwenye sinia na wazee wanne wa upande wa bwana harusi, amenibakishia nafasi kulia kwake. Shati langu lilikuwa na grisi. Hakuna aliyelitazama, au walilitazama wakaficha vizuri.

"Huyu nani, Seif?" mmoja akauliza.

"Mwenzangu wa safari," Mzee akasema, akanivutia kipande cha nyama.

Sikuona kama amenipunja. Neno lake aliahidi kulisema Tanga.

Kesho yake asubuhi, uani, nilihamisha magurudumu: la mbele kulia likaenda nyuma kushoto, la mbele kushoto likaenda nyuma kulia, na yale ya nyuma yakaja mbele. Kila sensa ikarudi pale gari linapoijua. Mzee mwenyewe alishika chaki. Kabla sijagusa nati hata moja, aliandika kwenye kila tairi linapotoka na linapokwenda, mwandiko wa ghala, herufi kubwa, na mwishoni akayazunguka yote kuyahakiki.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na kitu, na kitu hicho ndicho nilichokitaka. Muheza nilishuka peke yangu, nikamwendea yule mama wa machungwa.

"Mama, juzi ulituambia tairi la nyuma limelala. Ulisema kweli. Nimekuja kukuambia."

Akanitazama sana. "Tairi gani, baba? Hapa wanapita watu mia."

"Lile lililoatamia."

"Sikumbuki. Nikufungie machungwa?"

Nikabeba machungwa. Ndiyo yale mliyoyala.

Yaliyotokea wiki iliyopita Rajabu uliyaona, lakini wengine hamkuwepo. Ilikuwa mchana, gari la mwalimu mmoja liko juu ya mawe, mimi nimo ndani kwenye mashine. Sensa zake nne ziko mkekani, na siku hizi kila moja ina chaki yake. Mzee Seif alikuwa amekuja na majirani wawili wa barazani kwake, wenye magari. Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikasikia hatua zake zinakwenda mkekani, zikasimama. Nikangoja. Hakugusa kitu.

Kisha akaita, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, wale wawili wamesimama nyuma yake:

"Fundi! Toka uondoe vitu vyako mwenyewe, nataka kuswali."

Nikatoka, nikaviondoa.